Kinyama cha Jicho: Kutoka Darubini ya Maabara hadi Msimbo wa Sajili

Saratani ya seli bapa ya konjaktiva ni uvimbe unaoota juu ya uso wa jicho, kwenye utando mwembamba wenye unyevu unaofunika weupe wa jicho na kugeuka kufunika upande wa ndani wa kope. Mara nyingi huanzia ukingoni, pale weupe unapokutana na konea, ile sehemu angavu iliyo mbele ya mboni. Ukingo huo, ambao matabibu huuita limbasi, una seli mama zinazogawanyika maisha yote ili kufidia seli za konea zinazochakaa, na seli zinazoendelea kugawanyika ndizo zinazoharibika kwa wepesi. Mwanzoni ni seli chache tu za chini zinazopoteza mpangilio. Zikienea unene wote wa safu ya juu lakini zikabaki juu ya utando wa msingi, ugonjwa huitwa saratani isiyopenya. Zikiutoboa utando huo na kuzama chini yake, ni saratani vamizi. Tangu mwaka 1995 hatua zote hizo, kuanzia seli zilizopotoka kidogo hadi saratani kamili, zimewekwa chini ya jina moja la neoplasia ya seli bapa ya uso wa jicho, kwa sababu kwa macho matupu ni vigumu mno kuzitenganisha.

Vitabu vingi vya udaktari vilivyoandikwa Ulaya huutaja ugonjwa huu kuwa nadra, na kwa Ulaya ni kweli. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1996 ulilinganisha takwimu za sajili za saratani kutoka nchi mbalimbali na kukuta kwamba Uingereza ilikuwa na wagonjwa wasiofikia 0.02 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, ilhali Uganda, iliyo juu ya mstari wa ikweta, ilikuwa na zaidi ya 1.2. Kila mtu anapoiacha ikweta kwa nyuzi 10 za latitudo, idadi ilipungua kwa karibu nusu. Kwa hiyo ugonjwa ambao daktari wa London anaweza kustaafu bila kuuona zaidi ya mara chache, daktari wa macho wa Kampala, Nairobi au Kigali huukuta kliniki kama sehemu ya kazi yake ya kawaida.

Jua kali la ikweta si maelezo yote. Mwaka 1990 madaktari waliokuwa wakifanya kazi Kigali waliandika kwamba wagonjwa wao wenye uvimbe huu walikuwa na VVU mara nyingi zaidi kuliko ilivyotarajiwa. Miaka mitano baadaye ikaja taarifa ya Kampala. Sajili ya saratani ya jiji hilo, iliyoanza miaka ya 1950, ilikuwa ikihesabu wagonjwa wapatao 6 kwa kila watu milioni moja kwa mwaka kati ya 1970 na 1988. Kufikia 1992 idadi ilikuwa 35. Hakuna daktari mmoja ambaye angeweza kuligundua ongezeko hilo kwa kukaa kwenye chumba chake akipokea wagonjwa. Lilionekana kwa sababu makarani wa sajili walikuwa wakiandika kila kisa mahali pake. Hapo ndipo umuhimu wa msimbo, yaani namba ambayo ugonjwa hupewa kwenye sajili, unapoanza kuonekana, na makala hii itaurudia baada ya kueleza jinsi ugonjwa wenyewe unavyotambuliwa.

Mionzi ya urujuanimno huharibu vinasaba vya seli za limbasi, na alama za uharibifu wa aina hiyo zimekutwa katika jeni ya p53 ya wagonjwa wa Uganda. VVU hudhoofisha ulinzi ambao kwa kawaida ungeziondoa seli zilizoharibika. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, limekwisha kuorodhesha konjaktiva miongoni mwa viungo ambavyo VVU huchangia saratani zake. Virusi vya papiloma navyo vimetajwa mara nyingi, ingawa matokeo ya tafiti yanapingana kiasi kwamba haviwezi kuwekwa daraja moja na jua na VVU. Utafiti wa Kenya uliongeza mambo mawili: kazi za nje, na historia ya mzio wa macho wa muda mrefu.

Mgonjwa haji kliniki akisema ana uvimbe. Husema ana nyama jichoni, au jicho limekuwa jekundu na haliponi, au kuna kitu kinamkwaruza kama mchanga. Wengi huwa wameshatumia chupa kadhaa za dawa ya matone kutoka duka la dawa. Kinyama chenyewe kwa kawaida kimekaa upande wa pua au wa sikio, katika ule ukanda ambao kope zikifunguliwa hubaki wazi kwa jua. Kinaweza kuwa laini kama mlenda, kinaweza kuwa na vichomozo vidogo vidogo, au kikafunikwa na gamba jeupe. Mishipa minene ya damu huonekana ikielekea kwake. Kwa Waafrika kuna jambo jingine ambalo vitabu vya zamani havikulitilia maanani: uvimbe huu mara nyingi una rangi ya kahawia au nyeusi, kwa sababu seli zinazotengeneza rangi ya ngozi nazo huvutwa ndani yake. Daktari aliyefundishwa kwa picha za wagonjwa Wazungu anaweza kuudhani kuwa melanoma, ambayo ni saratani nyingine kabisa na ni nadra sana kwa watu weusi.

Mlolongo wa vitu vinavyofanana nao ni mrefu. Kinachochanganya zaidi ni pterijiamu, ile nyama ya pembetatu inayotambaa kutoka weupe kuelekea konea na ambayo huwapata watu wale wale wanaoshinda juani. Pterijiamu ni tambarare, ncha yake huelekea mboni, hukua kwa miaka, na kwa kawaida haina gamba jeupe. Lakini saratani changa inaweza kujificha ndani ya pterijiamu ya zamani, na zipo saratani zinazojifanya pterijiamu hadi siku ya kukatwa. Pinguekula, kile kijivimbe cha manjano kisichovuka kwenda kwenye konea, huchanganya kidogo tu. Papiloma huwa na shina na vichomozo. Baka la rangi la tangu utotoni, lenye vifuko vidogo vya maji ndani, kwa kawaida halina madhara. Kwa mtoto au kijana mwenye mzio mkali, ukingo wa konea unaweza kuvimba na kuwa na rangi ya udongo kiasi cha kumtisha mtu. Saratani ya Kaposi nayo hukaa kwenye konjaktiva ikiwa nyekundu iliyoiva, na kwa mgonjwa mwenye VVU ni lazima ikumbukwe.

Kwa hiyo daktari huanza kwa darubini ya macho, ile yenye mwanga mwembamba, akipima ukubwa wa uvimbe, mipaka yake, na kama umeshikamana na ukuta wa jicho. Hugeuza kope zote. Hupapasa tezi zilizo mbele ya sikio na chini ya taya, maana ndizo za kwanza kupokea saratani ikisambaa. Kipo pia kipimo cha bei nafuu: tone la rangi ya bluu ya toluidini, ambayo hung'ang'ania seli zenye vinasaba vingi. Kilipopimwa Kenya kwa wagonjwa zaidi ya 400, kati ya kila watu 100 waliokuwa na ugonjwa kiliwanasa 92. Ila kati ya kila 100 wasiokuwa nao, 69 hivi nao macho yao yalishika bluu. Maana yake ni kwamba jicho lisiloshika rangi linampa daktari utulivu kiasi, lakini lililoshika rangi halimwambii mengi. Hospitali chache zenye mashine ya kupiga picha za tabaka za jicho kwa mwanga huweza kuona safu ya juu ikiwa nene na yenye kung'aa, ikianza ghafla pale safu ya kawaida inapoishia. Picha hiyo ni ushahidi mzuri, lakini neno la mwisho bado ni la maabara ya patholojia.

Njia ya kufika maabara ni upasuaji. Jicho hutiwa ganzi, na uvimbe hukatwa wote pamoja na milimita 3 hadi 4 za utando unaoonekana mzima kuuzunguka. Daktari hujitahidi asiuguse uvimbe wenyewe kwa kifaa, ili seli zisipandikizwe kwingine, na kingo zilizobaki hugandishwa kwa baridi kali, zikaachwa ziyeyuke, kisha zikagandishwa tena. Kuna hatua moja ndogo ambayo huharibu kazi yote ikipuuzwa. Konjaktiva iliyokatwa hujikunja papo hapo. Ikitumbukizwa kwenye chupa ya fomalini ikiwa imejikunja, mtu wa maabara hataweza kujua ukingo ni upi na katikati ni wapi, na ripoti yake itasema tu kwamba kingo haziwezi kutathminiwa. Kwa hiyo kipande hutandazwa kwanza juu ya karatasi safi, kikaachwa dakika chache kishikamane nayo, ndipo kikatumbukizwa pamoja na karatasi yake. Fomu inayofuatana nacho inapaswa kutaja jicho la kulia au la kushoto, mahali uvimbe ulipokaa, ukubwa wake, hali ya VVU kama inajulikana, na kile daktari anachokishuku. Fomu iliyoandikwa “nyama ya jicho” peke yake ni nusu ya kazi, na fomu za namna hiyo ni nyingi mno.

Daktari wa patholojia hutazama kina. Seli zilizopotoka zikichukua theluthi ya chini ya safu, ni daraja la kwanza. Zikifika theluthi mbili, daraja la pili. Zaidi ya hapo, daraja la tatu, na zikijaza unene wote ni saratani isiyopenya. Utando wa msingi ukitobolewa, ripoti hutaja saratani vamizi na kama seli bado zinafanana na seli bapa za kawaida au zimepoteza sura. Mwisho hutajwa kingo: zimesalimika au bado zina ugonjwa. Kwa upande wa hatua, saratani vamizi isiyozidi milimita 5 huwekwa T1, inayozidi hapo T2, iliyoingia viungo jirani kama kope au ndani ya jicho T3, na iliyofika kwenye tundu la jicho T4.

Matibabu baada ya upasuaji yalipata ushahidi mzuri kutoka Kenya yenyewe. Jaribio lililofanywa katika vituo vinne vya macho, likiongozwa na Stephen Gichuhi wa Chuo Kikuu cha Nairobi na kuchapishwa mwaka 2016, liliwagawa watu 98 waliokwisha kukatwa uvimbe: nusu walipewa matone ya fluorourasili ya asilimia 1 mara nne kwa siku kwa wiki nne, nusu matone yasiyo na dawa. Baada ya mwaka mmoja uvimbe ulikuwa umerudi kwa asilimia 11 hivi ya waliopata dawa na asilimia 36 ya wasioipata. Fluorourasili ni dawa ya zamani na ya bei ya chini, jambo ambalo katika mazungumzo ya saratani ni nadra kusikika.

Ripoti ikishatoka, kazi huhamia kwa mtu ambaye mgonjwa hatamwona kamwe: karani wa kumbukumbu za afya au msajili wa saratani. Yeye hutumia vitabu viwili. Cha kwanza ni Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, ICD, unaosimamiwa na Shirika la Afya Duniani. Toleo lake la kumi lilipitishwa mwaka 1990, na la kumi na moja lilianza kutumika rasmi Januari 2022, ingawa hospitali nyingi bado zinatumia la kumi. Cha pili ni ICD-O, uainishaji wa uvimbe peke yake, unaotumiwa na sajili za saratani.

Katika toleo la kumi, saratani vamizi ya konjaktiva ni C69.0. Saratani isiyopenya ya jicho ni D09.2. Uvimbe usio na madhara wa konjaktiva ni D31.0. Pterijiamu haimo kabisa kwenye sura ya uvimbe. Imo kwenye sura ya magonjwa ya macho, H11.0, na pinguekula iko jirani yake, H11.1. Kosa la daktari kliniki basi si tofauti ya namba moja tu. Saratani iliyoandikwa kwenye faili kama pterijiamu, ikakatwa na kutupwa bila kupelekwa maabara, huhama sura nzima ya kitabu, na hakuna mtu wa takwimu atakayeitafuta huko.

ICD-O hutenganisha maswali mawili: uvimbe upo wapi, na ni wa aina gani. Mahali hutumia herufi na namba zile zile za C69. Aina hutumia tarakimu nne, kisha mkwaju, kisha tarakimu moja ya tabia. Seli bapa ni 8070. Baada ya mkwaju, 0 ni uvimbe mwema, 1 ni wa tabia isiyo na uhakika, 2 ni usiopenya, 3 ni vamizi, 6 ni uliosambaa kutoka kwingine. Hivyo 8070/2 na 8070/3 ni seli zile zile zikitofautiana kwa kuwa utando wa msingi umetobolewa au la. Melanoma ni 8720/3, na baka la rangi lisilo na madhara ni 8720/0. Tarakimu hiyo moja ya mwisho ndiyo inayoamua kama mgonjwa ataingia kwenye takwimu za kitaifa, maana hesabu za kawaida za saratani huchukua zenye 3 na kuacha zenye 2.

Mtego wa kwanza ni wa mahali. Konjaktiva ni C69.0, konea ni C69.1, na ICD-O imeiweka limbasi pamoja na konea. Uvimbe huu huanzia limbasi na hutambaa pande zote mbili. Daktari akiandika “uvimbe wa limbasi”, msajili anayefuata kitabu ataandika C69.1, akiandika “saratani ya konjaktiva”, itakuwa C69.0. Mgonjwa ni yule yule. Anayetaka kuhesabu ugonjwa huu Afrika Mashariki na akachambua C69.0 peke yake, bila kutazama 8070 katika C69 yote, atapata pungufu.

Mtego wa pili ni mkubwa zaidi, na unahusu VVU. Toleo la kumi lina kundi maalumu la ugonjwa wa VVU uliosababisha saratani. Kaposi ina nafasi yake humo, B21.0. Saratani ya konjaktiva haina, huangukia B21.8, pamoja na saratani nyingine zilizobaki. Hospitali ikitunza msimbo mmoja tu kwa kila mgonjwa, neno jicho hupotea kabisa hapo. Dawa yake ni rahisi: kuandika B21.8 na C69.0 pamoja, jambo ambalo uainishaji wenyewe unaliruhusu.

Kisha kuna shaka. Mwongozo wa toleo la kumi husema kwamba mgonjwa akimaliza matibabu huku hali yake ikiwa bado imeandikwa “inashukiwa”, na hakuna taarifa nyingine, ugonjwa unaoshukiwa huandikwa kana kwamba umethibitishwa. Ukichunguzwa na kuonekana haupo, hutumika Z03. Faili likifungwa kabla ripoti ya patholojia haijarudi, basi pinguekula yenye sura mbaya inaweza kuingia vitabuni kama saratani. Sajili hujikinga kwa kuandika pia msingi wa utambuzi: 1 ni uchunguzi wa kliniki tu, 5 ni seli zilizokwanguliwa, 7 ni kipande cha uvimbe wenyewe kilichotazamwa kwa darubini. Mtafiti makini huanza kwa kutazama namba hiyo kabla ya nyingine yoyote.

Uvimbe uliorudi mahali pale pale haupewi namba mpya ya kisa. Ukitokea kwenye macho yote mawili ukiwa wa aina ile ile, sajili za kimataifa huuhesabu mara moja, kwa kuwa macho huchukuliwa kama kiungo kimoja chenye pande mbili. Toleo la kumi la Shirika la Afya Duniani halina hata nafasi ya kutaja upande. Marekani waliongeza tarakimu zao, C69.01 kwa jicho la kulia na C69.02 kwa la kushoto. Toleo la kumi na moja limeondoa kikwazo hicho kwa kuruhusu msimbo wa ugonjwa kuunganishwa na misimbo ya upande na ya aina ya seli.

Yote hayo hutegemea kipande kilichofika maabara. Hospitali inayokata nyama za macho na kuzitupa kwenye ndoo haitapata kamwe msimbo sahihi, hata karani wake awe hodari namna gani. Kila kinyama kinachokatwa jichoni, pamoja na kile kinachoitwa pterijiamu ya kawaida, kipelekwe kupimwa; na mgonjwa aliyekatwa aulize ripoti yake inatoka lini, kisha akubali kupimwa VVU kama hajapimwa, kwa sababu kwa baadhi ya watu kinyama hicho ndicho dalili ya kwanza.